Ziwa Tanganyika: samaki wa inchi nne

Ndagala wanaovuliwa kwa taa usiku mbele ya Uvira, kesho huenda wako Burundi. Ndiyo maana tarehe 12 Juni 2003, Congo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa huko Dar es Salaam. Mamlaka yao ya pamoja iko Bujumbura.

Kugawana kwa tani kungekuwa kazi ngumu: Congo ina asilimia 45 ya ziwa, lakini nani atahesabu kila beseni inayoshushwa ufukweni? Serikali zikachagua kufunga uvuvi pamoja, 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wakue. Tanzania ilifunga mwaka 2024.

Naona ni sawa kwa ziwa. Lakini wakimbizi wa ndani walioacha mashamba hununua ndagala kwa kopo, na miezi hiyo mitatu bei haiwangojei.