Chinatown Wars: Gemu iliyosifiwa kuliko zote za Nintendo DS, ikakosa wanunuzi

Machi 17 mwaka huu ilitimia miaka 17 tangu Grand Theft Auto: Chinatown Wars ifike kwenye maduka ya Marekani, ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya mashine ndogo ya mkononi, Nintendo DS. Siku hiyo imepita kimya. Wapenzi wa GTA wanahesabu siku za kufika Novemba 19, 2026, tarehe ambayo Rockstar Games imeitangaza kwa ajili ya GTA VI, na kila picha mpya ya gemu hiyo inachambuliwa mpaka usiku wa manane. Wana haki ya kuisubiri. Ila katika pilikapilika hizo imesahauliwa kazi ambayo wahakiki wa mwaka 2009 waliipa alama ambazo hakuna gemu nyingine ya DS iliyowahi kuzifikia.

Alama zenyewe ni 93 kati ya 100. Huo ni wastani uliokusanywa na Metacritic, mtandao unaounganisha maoni ya magazeti na wahakiki mbalimbali. Mario Kart DS, ambayo karibu kila mwenye mashine hiyo aliwahi kuicheza, iliishia 91. Yaani katika mashine iliyojengwa na kampuni ya Mario, mgeni mwenye bastola na mfuko wa unga ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Kwa makala haya nimeegemea zaidi vitu viwili: tahakiki zilizoandikwa gemu ilipotoka, na takwimu za mauzo za kampuni ya NPD ya Marekani. Vitu hivyo viwili vinapingana vibaya sana, na ndani ya mgongano huo ndimo kilimo kisa chenyewe.

Historia ya GTA inajulikana, kwa hiyo nitaipitia haraka. Gemu ya kwanza ilitoka 1997, kazi ya DMA Design ya mjini Dundee, Scotland, mchezaji akiutazama mji kutoka juu kama aliye kwenye helikopta. Mtaalamu wa propaganda Max Clifford aliajiriwa kuhakikisha magazeti ya Uingereza yanapiga kelele, na kelele zikafika hadi kwenye Baraza la Malodi. Mwaka 2001 GTA III ikamshusha mchezaji barabarani. Vice City na San Andreas hazihitaji utambulisho kwa mtu yeyote aliyewahi kusubiri zamu yake kwenye banda la gemu Dar es Salaam au Mombasa. Aprili 2008 ikaja GTA IV, na wastani wake ukawa 98.

Pembeni ya magemu hayo makubwa kulikuwa na yale madogo, ya kando, ambayo wengi waliyachukulia kama makombo. London 1969 ilitoka 1999 ikiwa nyongeza tu ya gemu ya kwanza. GTA Advance ya Game Boy Advance ilitoka Oktoba 2004, wiki ileile ya San Andreas, na ikazikwa hapohapo. Wahakiki waliipa wastani wa 68. Mambo yalianza kubadilika kazi hizo zilipopewa Rockstar Leeds, studio ya kaskazini mwa Uingereza iliyoanzishwa na Gordon Hall mwaka 1997 kwa jina la Mobius Entertainment na kununuliwa na Rockstar 2004. Watu wa Leeds walitengeneza Liberty City Stories ya 2005 na Vice City Stories ya 2006 kwa ajili ya PSP, mashine ya mkononi ya Sony. Zote mbili zilisifiwa, lakini sifa yenyewe ilikuwa ya aina moja: wamefanikiwa kuibana GTA kubwa ikaingia kwenye mashine ndogo.

Kwa hiyo Nintendo ilipotangaza kwenye maonyesho ya E3, Julai 2008, kwamba GTA inakuja DS, wengi waliguna. Mashine hiyo ilikuwa na nguvu kidogo kuliko PSP, na iliuzwa kwa magemu ya kufuga mbwa na ya kuchangamsha ubongo. Hofu kubwa ilikuwa kwamba makali yatakatwa ili wazazi wasishtuke. Dan Houser, mmoja wa waanzilishi wa Rockstar na mwandishi mkuu wa hadithi zake wakati huo, alieleza kwamba Nintendo haikuomba GTA ya watoto. Ilitaka GTA yenyewe.

Na ndiyo waliyopewa. Kijana anayeitwa Huang Lee anawasili Liberty City akiwa amebeba upanga wa ukoo, aukabidhi kwa mjomba wake Kenny baada ya baba yake kuuawa. Hajatoka hata uwanja wa ndege anashambuliwa, upanga unaporwa, na yeye anatupwa majini ndani ya gari akidhaniwa amekufa. Hapo gemu inamkabidhi mchezaji kazi ya kwanza: achukue kalamu ya plastiki ya DS agonge kioo cha gari kwenye skrini ya chini mpaka kipasuke, la sivyo Huang anazama.

Kalamu hiyo ndiyo iliyowateka wahakiki. Gari lililoegeshwa halichukuliwi bure. Kama ni kuukuu, unachomeka bisibisi kwenye tundu la ufunguo na kuizungusha kwa kalamu. Jingine unafungua skrubu, unatoa nyaya na kuzisokota mpaka injini iwake. La kisasa linadai namba za siri, na king'ora kikikuwahi, polisi wako nyuma yako. Ukitaka mabomu ya petroli, unakwenda kituo cha mafuta na kujaza chupa mwenyewe bila kumwaga. Kadi za bahati nasibu unazikwangua kwenye skrini kama vocha ya simu. Hata teksi unaiita kwa kupiga mluzi kwenye kipaza sauti cha mashine. Kila kimoja huchukua sekunde chache, na kwa pamoja vinaufanya mkono wa mchezaji ushiriki uhalifu kwa namna ambayo kitufe cha PlayStation hakikuwahi kuufanya ushiriki. Hilo waliliona wahakiki wengi na wakalisema waziwazi.

Walisifu pia sura yake. Badala ya kulazimisha DS ionyeshe isichoweza, Leeds walirudi kwenye jicho la juu la 1997, wakaruhusu kamera izunguke, na wakachora watu na magari kwa mistari mizito myeusi kama katuni za vitabuni. Karibu mji wote wa GTA IV, ukiondoa eneo la Alderney, ukaingia kwenye kadi ndogo. Polisi nao walibadilishwa: badala ya kukimbia na kujificha tu, mchezaji anapunguza nyota, zinazoonyesha anavyosakwa, kwa kuyaharibu magari yanayomfukuza, na idadi ya magari inapanda kadiri nyota zinavyoongezeka. Nadhani hadi leo hakuna GTA kubwa iliyobuni mfumo wa kukimbizana wenye raha kuliko huo. Wimbo wa ufunguzi ulitolewa na Ghostface Killah akishirikiana na MF DOOM, jambo lililowafurahisha wapenzi wa hip hop wasiokuwa na habari na Nintendo.

Malalamiko yalikuwepo. Wahusika hawana sauti. Hadithi inasimuliwa kwa picha zisizotembea na maandishi chini yake, na wengine waliona imepwaya ukilinganisha na GTA IV. Ukiendesha kwa kasi, kamera hiyo ya juu haikuonyeshi mbali vya kutosha. Hayo ni ya kweli. Lililonisikitisha katika tahakiki nilizosoma ni jinsi zilivyopita juujuu kwenye sura waliyopewa Wachina: majoka, heshima ya ukoo, wazee wa magenge ya Triad wanaonong'ona. Mzaha wa Huang unawasuta wazee hao, hilo lipo, lakini suala lenyewe lilistahili zaidi ya sentensi moja.

Na lipo jambo jingine ambalo kila mhakiki alilitaja: biashara ya dawa za kulevya. Huang anaweza kununua na kuuza aina sita, kuanzia bangi hadi heroini. Kila genge lina bidhaa linayoiuza rahisi na bidhaa linayoitafuta kwa bei juu. Barua pepe inaingia kwenye kifaa chake cha mfukoni: mtu fulani wa eneo la Bohan anauza kwa bei ya kutupa, muda ni mfupi. Unakimbia, unanunua, unavuka mji ukiwa umejaza mfuko, ukiomba usigongane na gari la polisi kwa sababu ukikamatwa mzigo wote umekwenda. Kuna kamera za ulinzi 100 mitaani, na ukizivunja za eneo fulani, bei za eneo hilo zinashuka. Houser alisema wazi kwamba sehemu hiyo inakwenda sambamba na hadithi kuu huku ikiwa na uhai wake yenyewe. Wachezaji wengi walijikuta wameiacha hadithi siku nzima wakifanya biashara.

Nchini Uingereza lilizuka lalamiko kutoka kwa watu wanaowasaidia waathirika wa dawa hizo, waliosema mchezo unaoifanya biashara hiyo kuwa njia ya kujipatia tuzo haufai. Naelewa uchungu wao. Lakini wahakiki walioitetea walikuwa na hoja nzito ambayo hawakuifikisha mwisho. Gemu hiyo haimwonyeshi pusha akiwa mfalme mwenye kasri. Inamwonyesha mchuuzi mwenye wasiwasi, anayehesabu faida kwa vijisenti, anayepoteza mtaji wote kwa kosa moja. Ukiicheza kwa makini unaielewa biashara hiyo kuliko kwa kutazama filamu kumi za magenge, na sina shaka kwamba ndicho kitu kikubwa kuliko vyote ilichokifanya. Wahakiki waliishia kusema inanogesha.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Aprili 2009 NPD ilitoa hesabu za mauzo ya Machi. Gemu yenye jina la GTA, yenye alama za juu kuliko zote kwenye mashine ambayo mwezi huohuo wa Machi Nintendo ilitangaza imesambaza zaidi ya milioni 100 duniani, iliuza Marekani nakala zisizofika 90,000. GTA IV ilikuwa imeingiza dola milioni 500 katika wiki yake ya kwanza, mwaka mmoja tu nyuma. Mshtuko ulikuwa mkubwa, na kila mtu akaja na maelezo yake.

Wa kwanza walisema muda ulikuwa mfupi, maana hesabu hiyo ilibeba wiki zisizozidi tatu. Utetezi huo haukusimama. Pokémon Platinum ilitoka Marekani Machi 22, siku tano baada ya Huang Lee, na hesabu ileile ikaipa zaidi ya nakala 800,000. Mashine ni hiyohiyo na maduka ni hayohayo.

Wengine walilaumu kadi za R4, zilizomwezesha mtu kupakua magemu ya DS bila kulipa hata senti. Wizi ulikuwepo kweli. Julai 2008 Nintendo na kampuni 54 walikwenda mahakamani Japani kuzipiga vita, na Februari 2009 mahakama ya Tokyo ikawapa ushindi. Lakini wezi hao waliiba Pokémon pia, na Pokémon iliuza.

Kundi la tatu, lenye sauti kubwa kuliko yote, lilisema mwenye Nintendo hataki gemu ya watu wazima. Ushahidi wao ulikuwa MadWorld ya Sega, gemu ya damu tupu kwenye Wii, iliyotoka mwezi huohuo na kuuza nakala 66,000 hivi. Hitimisho likawa kwamba kampuni zisipoteze fedha zao huko.

Hukumu hiyo naipinga. Watu wazima wenye DS walikuwepo kwa mamilioni. Magemu ya kuchangamsha ubongo hayakununuliwa na watoto. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba hii si GTA iliyopunguzwa. Picha za matangazo zilionyesha vijigari vinavyotazamwa kutoka juu, na aliyetoka kucheza GTA IV kwenye televisheni aliona hatua ya kurudi nyuma. Kuielewa ilibidi uishike mkononi, na wahakiki pekee ndio waliokuwa wameishika. Hapo nao wana sehemu yao ya lawama. Tahakiki nyingi zilitumia nafasi kubwa kushangaa jinsi mji mzima ulivyoingia kwenye kadi ndogo, na mshangao huo ulimthibitishia msomaji kile alichokuwa anahofia, kwamba sifa zote ni za ufundi wa kubana.

Baada ya hapo kisa ni kifupi. Oktoba 2009 ilitoka ya PSP, yenye mwanga mzuri zaidi, vituo zaidi vya redio na kazi za nyongeza. Ikapata wastani wa 90, ingawa kalamu ilibadilishwa kuwa vitufe. Desemba mwaka huo ikatunukiwa tuzo ya gemu bora ya mkononi kwenye Video Game Awards za Spike. Januari 2010 ikaingia iPhone, na Desemba 2014 ikafika Android. Mwezi Mei 2014 Nintendo ilizima huduma ya mtandao ya DS. Gordon Hall alifariki 2021. Leeds hawakutengeneza tena GTA ya mkononi yenye hadithi yake, wala hakuna studio nyingine ya Rockstar iliyofanya hivyo.

Toleo la DS, lile lenye alama 93, halijawahi kurudishwa sokoni. Anayelitaka ananunua kadi iliyotumika na mashine iliyotumika. Mwaka 2021 Rockstar ilizipamba upya GTA III, Vice City na San Andreas na kuziuza hata kwenye Nintendo Switch, mashine yenye skrini ya kugusa, lakini Chinatown Wars, gemu pekee ya mfululizo huu iliyobuniwa kwa ajili ya skrini ya namna hiyo tangu mwanzo, haikuwekwa kwenye kifurushi. Kampuni inayotegemea kuvuna mabilioni Novemba ina uwezo wa kurekebisha hilo hata kabla ya mwaka kuisha, na wahakiki walioisifu 2009, ambao wengi wao bado wanaandika, wana kila sababu ya kulidai.