Dia, Fidia na Bima: Haki za Wajeruhiwa wa Barabarani

Katika sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa na Waswahili tangu zamani, mtu akiua pasipo kukusudia, jamaa za marehemu hustahili dia, na ukoo wa muuaji husaidiana kuilipa. Haiulizwi kama muuaji alikuwa mzembe. Tendo lenyewe latosha.

Sheria ya Uingereza, ambayo baadaye ilitawala mahakama za Afrika Mashariki, ilishika njia nyingine. Mwaka 1808 ilisikilizwa kesi ya mtu na mkewe waliopinduka na gari la abiria lililokokotwa na farasi. Mke alifariki yapata mwezi mmoja baadaye. Lord Ellenborough aliamua kwamba kifo cha binadamu hakiwezi kudaiwa fidia katika kesi ya madai. Mume alipewa pauni 100 kwa michubuko yake, na kwa kumkosa mkewe hadi siku aliyokufa, si zaidi. Hivyo kumwua mtu kulimgharimu mkosaji kidogo kuliko kumlemaza. Kasoro hiyo haikuondolewa ila mwaka 1846, Bunge lilipowapa mjane, mzazi na mtoto wa marehemu haki ya kudai.

Magari ya mota yalipoenea, ilidhihirika kwamba haki ya kudai si haki ya kupokea. Majeruhi aliweza kushinda kesi, kisha akamkuta dereva hana kitu. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 1930 ilimlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine atakaowadhuru, na ile ya mwaka 1934 ikaitaka kampuni ya bima yenyewe ilipe hukumu. Hadi mwaka 1945 majeruhi aliyechangia kosa, hata kidogo, aliweza kunyimwa yote. Tangu hapo fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Mwaka 1946 makampuni ya bima yaliunda chombo cha kuwalipa walioumizwa na madereva wasio na bima.

Katika miaka hiyo ya 1940 sheria za bima ya lazima zilitungwa Kenya na Tanganyika kwa mfano huo, na misingi yake yadumu hata leo.

Bima yafanana na dia katika jambo moja: mzigo wa mmoja hubebwa na wengi. Lakini tofauti yao ni kubwa. Ukoo ulilipa kwa sababu mtu amekufa. Kampuni hulipa baada ya uzembe wa dereva kuthibitishwa. Mpita njia aliyevunjika mguu usiku, asiye na shahidi wala namba ya gari, aweza kurudi kwake mikono mitupu, ijapokuwa sheria yamtambua. Mfuko wa wengi umepatikana. Ufunguo wake ungali ushahidi.