Wanawake wa ANC Uhamishoni na Suala la Kurudi

Ruth Mompati aliyekuwa katibu muhtasi katika ofisi ya mawakili Mandela na Tambo, Johannesburg, aliondoka Afrika Kusini mwaka 1962 kwa mafunzo ya muda mfupi, akaacha nyumbani watoto wawili wadogo. Mwaka uliofuata wenzake katika harakati dhidi ya ubaguzi wa rangi walikamatwa Rivonia, kitongoji cha Johannesburg. Tangu hapo kurudi kulikuwa sawa na kujipeleka gerezani. Alipoonana tena na wanawe, miaka kama kumi baadaye, mama na watoto walikuwa wageni wao kwa wao.

Chama chao, ANC, kilikuwa kimepigwa marufuku Aprili 1960, na wengi walivuka mpaka kwa siri, bila kuaga. Kundi kubwa lilipokewa Tanzania. Mwaka 1977 serikali ya huko iliwapa Mazimbu, shamba la zamani la mkonge nje kidogo ya mji wa Morogoro, wakajenga shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Afrika Kusini mwaka 1979. Mwanafunzi aliyepata mimba alikatishwa masomo kwa muda na kupelekwa kituo cha kina mama na watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke. Huko alilea, huku kijana aliyempa mimba mara nyingi akiendelea na darasa lake. Usawa ulikuwa umeandikwa katika siasa ya chama; malezi yalibaki kwa mama.

Marufuku iliondolewa tarehe 2 Februari 1990. Wiki chache kabla yake, wanawake waliotoka ndani ya nchi na wale wa uhamishoni walikuwa wamekutana Amsterdam katika mkutano wa Malibongwe. Mompati alirudi mwaka huohuo, akiwa miongoni mwa wajumbe wa mazungumzo ya kwanza na serikali ya Afrika Kusini huko Groote Schuur, Cape Town. Mwimbaji Miriam Makeba naye alirudi, baada ya miaka 31. Kwa wasio na majina makubwa, safari ilisubiri makubaliano ya Septemba 1991 kati ya serikali na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Kurudi hakukuwa kushinda. Julai 1991, mkutano mkuu wa ANC huko Durban haukukubali pendekezo la kuwatengea wanawake asilimia 30 ya nafasi za uongozi. Ilipofika 1994 ndipo theluthi moja ya wagombea wa chama ilipokuwa ya wanawake.

Shule ya Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na makaburi ya waliofia uhamishoni yakabaki pale. Wengine walizikwa kwingineko: mwanaharakati Ruth First, aliyeuawa kwa bomu la kifurushi Agosti 1982, alizikwa Maputo, Msumbiji.