Fedha za Umma na Ununuzi wa Ardhi ya Pwani: Funguvisiwa la Stockholm

Mashariki ya Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, Bahari ya Baltiki imejaa visiwa, vijisiwa na miamba ipatayo 30,000. Humo zimo pia takriban nyumba 50,000 za mapumziko, na zilizo nyingi zimetafuta mahali pa kutazama maji. Ardhi iliyo karibu kiasi hicho na jiji kubwa haikosi mnunuzi. Kwa sababu hiyo historia ya kuhifadhiwa kwake inahusu zaidi bei ya viwanja kuliko inavyohusu mimea na ndege.

Wanaoifahamu Uswidi huenda wakauliza ununuzi ulihitajika wa nini, ilhali nchi hiyo ina allemansrätten, yaani haki ya kila mtu. Kwa haki hiyo mtu hupita katika ardhi ya mwenzake, hupiga hema kwa usiku mmoja na huchuma matunda ya porini bila kuomba ruhusa. Tangu 1994 imetajwa katika katiba yenyewe. Haki hiyo, hata hivyo, hukoma kwenye eneo linalozunguka makazi ya mtu. Nyumba moja iliyojengwa kando ya maji hufunga kipande cha ufuo. Zikifuatana kumi, ufuo wote umekwisha, hata pasipo uzio. Ujenzi huimega haki ya kupita kidogo kidogo bila sheria yoyote kuvunjwa.

Tatizo hilo lilionekana wazi baada ya 1938, sheria ilipowapa wafanyakazi wa Uswidi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Familia zilizoishi katika vyumba vya kupanga mjini sasa zilikuwa na siku za kwenda pwani, lakini fuo zilizo karibu zilikuwa zikichukuliwa na wenye uwezo. Katika miaka ya 1940 Jiji la Stockholm likaanza kununua, na miongoni mwa visiwa lililovipata ni Grinda na Finnhamn. Grinda ilikuwa imewahi kuwa mali ya Henrik Santesson, mkurugenzi wa kwanza wa Wakfu wa Nobel, na jumba la mawe alilojijengea huko mwanzoni mwa karne ya 20 sasa ni nyumba ya wageni. Uzito wa ununuzi huo umo katika wakati wake. Visiwa vizima vilikuwa bado mikononi mwa mmiliki mmoja mmoja, hivyo mkataba mmoja uliweza kuokoa kisiwa kizima. Kisiwa kikishakatwa viwanja mia, hakuna hazina ya jiji inayoweza kukirudisha.

Mwaka 1959 kiliundwa chombo maalumu cha kazi hiyo, Skärgårdsstiftelsen, wakfu wenye jukumu la kuhifadhi sura ya funguvisiwa na kuwawezesha watu kulifurahia. Katika miaka ya 1990 ulikabidhiwa ardhi iliyokuwa ya jiji, na leo unamiliki takriban sehemu moja ya kumi ya eneo la funguvisiwa, huku serikali ya mkoa ikichangia gharama zake.

Sambamba na ununuzi ilikuja sheria. Ulinzi wa fuo ulianza kwa sheria ya muda ya 1950, ukafanywa wa kudumu 1952, na mwaka 1975 ukapanuliwa kwa fuo zote nchini: mita 100 kutoka ukingo wa maji, upande wa nchi kavu na upande wa maji pia, zinazoweza kuongezwa hadi 300. Kwa mtunza hazina, sheria hiyo ni rahisi mno, kwani hailipi mtu chochote kwa kumzuia kujenga. Penye hifadhi ya mazingira hali ni nyingine: mwenye ardhi aliyezuiwa kuitumia hufidiwa na serikali, na tangu 2010 fidia huzidi kwa asilimia 25 thamani iliyopotea. Lakini katazo halijengi gati, halichimbi choo, halizoi taka, wala haliondoi nyumba zilizotangulia. Wenyeji wa visiwani nao hulalamika, na wana haki, kwamba kanuni iliyotungwa dhidi ya matajiri wa mjini humbana pia mvuvi anayetaka kujenga karibu na mashua yake. Mabadiliko ya 2009 yaliwapa madiwani nafasi zaidi ya kutoa ruhusa maalumu, na ubishi haujaisha.

Jambo linalosahauliwa zaidi katika mijadala ya ununuzi ni matunzo, na ushahidi wake uko Ängsö, kisiwa kidogo kaskazini mwa funguvisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1909, miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Ulaya. Kilichosifiwa hapo ni mbuga zake za maua. Wasimamizi wakasitisha ukataji wa nyasi na ulishaji wa mifugo, wakiamini kwamba maumbile yakiachwa yatajistawisha. Vichaka vikasonga na maua yakapungua, kwa kuwa mbuga zile zilikuwa kazi ya mafyekeo na ng'ombe kwa vizazi vingi. Ikabidi kufyeka na kulisha kurejeshwe. Ndiyo sababu baadhi ya mashamba ya Skärgårdsstiftelsen hukodishwa kwa wakulima: kondoo wao ni sehemu ya uhifadhi.

Pwani ya Afrika Mashariki inaanzia kwingine. Tanzania Bara, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru ufuo ndani ya mita 60 zake. Serikali hainunui ardhi bali hulipa fidia. Kenya, Katiba ya 2010 inaitaja ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma, lakini juu ya mstari huo hoteli na nyumba za watu binafsi zinaweza kuziba njia, na ufuo wa umma usiofikika hauna faida kwa umma. Kwa hiyo fedha chache zilizopo zingefaa zitangulie kwenye vichochoro vya kuingilia baharini na kwenye mashamba makubwa ambayo bado hayajakatwa viwanja, na bunge au kaunti isiidhinishe ununuzi wowote usio na fungu la matunzo la kila mwaka.