Mtu wa mjengo akiumia, nani analipa? Uzi mfupi wa historia

1/ Kila kampeni utasikia jukwaani: "Tutaleta sheria ya kuwalinda watu wa mjengo!" Makofi. Lakini hiyo sheria iko tangu 2007, na kabla yake kulikuwa na nyingine. Twende polepole.

2/ Mkoloni alituachia sheria ya viwanda na ile ya fidia kwa wafanyakazi. Chini ya hiyo ya fidia, aliyeumia kazini aliweza kuchukua kiwango kilichowekwa, au amshtaki mwajiri kwa uzembe. Kushtaki kulitaka wakili. Kibarua atamtoa wapi?

3/ Januari 2006, jengo lililokuwa likijengwa Nyamakima, Nairobi, liliwaporomokea mafundi. Watu walikufa. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha OSHA na WIBA. (Sisemi moja lilizaa lingine, rasimu zilikuwepo kitambo.)

4/ OSHA inataka winchi iendeshwe na mtu aliyefunzwa, si kijana aliyeonyeshwa asubuhi hiyo. WIBA inamtaka mwajiri awe na bima, na fidia ilipwe bila kuthibitisha nani alikosea. Ukilemaa kabisa, ni mshahara wa miezi 96. Lakini ile njia ya kushtaki kwanza ikafungwa: sasa dai linaanzia kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini.

5/ Hapo chama cha mawakili kikaenda kortini. 2009 Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa. 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Miaka kumi mizima, na kesi nyingi za majeruhi zikabaki zinaning'inia. Hii sehemu jukwaani haitajwi kabisa.

6/ Halafu kuna geti la saiti. Jina linaandikwa kwa kijitabu, pesa unapewa jioni mkononi. Siku ukianguka, kontrakta anasema wewe ni wa yule fundi mkuu, naye fundi mkuu anasema ulikuja tu kusaidia. Sheria ya ajira ya 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo, ila lazima uonyeshe ulikuwepo.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi sheria mpya, muulize: wakaguzi wangapi wataajiriwa, na nani atahakikisha kontrakta ana bima kabla msingi haujachimbwa?

8/ Na kama una ndugu aliyeumia: weka meseji za M-Pesa za malipo, na namba za mliofanya kazi pamoja. Dai lina miezi 12, inayohesabiwa kutoka siku ya ajali, si siku ya kutoka hospitali.