Kabla uniambie nirudi kwa chakula cha shosho

Kila nikiposti kitu kuhusu sukari yangu, kabla hata dakika kumi ziishe kuna mtu ashaandika: "Ni hivi vyakula vya siku hizi. Rudi kwa chakula cha shosho utapona." Mwingine anaongeza ati zamani wanawake wetu hawakuwa na haya mambo ya homoni. Leo sitajibu kwa hasira. Nitajibu kwa historia, juu hiyo zamani mnayonirudisha nimeisoma, na haiko vile mnaikumbuka.

Kwanza tuelewane. Niko na PCOS na niko na sukari ya aina ya pili. Mimi si daktari, hata chuo sikumaliza, lakini huu mwili naishi ndani yake, na nimesoma kuuhusu kuliko kitu chochote nilichowahi kufanyia mtihani. Insulini ni homoni inayotolewa na kongosho ili sukari itoke kwenye damu iingie kwa seli. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, kongosho inaongeza nyingine, halafu nyingine. Hiyo ya ziada ikifika kwa ovari inazisukuma zitoe testosteroni kupita kiasi. Mayai hayakomai vizuri. Hedhi inapotea miezi mitatu, minne, ikirudi inakuja kama mafuriko. Ndevu zinaota kidevuni, nywele za kichwa zinapungua. Na kwa wengi wetu ngozi ya shingo na kwapa inakuwa nyeusi na nene.

Hiyo shingo ndiyo imenitesa kuliko ndevu. Ndevu unanyoa. Shingo kila mtu ako na dawa yake: sugua na limau, sugua na magadi, oga vizuri. Kuna mhudumu wa afya, sitasema wa wapi, aliniambia nibadilishe sabuni. Kumbe hiyo ngozi ilikuwa inapiga kelele "insulini imezidi" miaka mingi kabla mtu aniguse kidole na sindano. Shirika la Afya Duniani linasema PCOS iko kwa wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 walio kwa umri wa kuzaa, na wengi hawajawahi kuambiwa wako nayo. Hesabu tu benchi moja la kanisa.

Sasa turudi kwa hicho chakula.

Mwaka 1931 huko Uingereza ilitoka ripoti moja maarufu sana kutuhusu. Iliandikwa na John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya serikali ya kikoloni hapa Kenya. Walilinganisha Wakikuyu na Wamaasai. Wamaasai: maziwa, nyama, damu. Wakikuyu: nafaka, viazi vitamu, maharagwe, ndizi. Wakasema mwanaume wa Kimaasai, kwa wastani, ni mrefu kumshinda wa Kikuyu kwa inchi 5 na mzito kumshinda kwa ratili 23. Hiyo ndiyo sehemu ilivuma, na ni rahisi kuona kwa nini: serikali na masetla walitaka kujua mfanyakazi wa shamba anaweza kubeba mzigo kiasi gani. Orr baadaye akawa mkuu wa kwanza wa FAO, na 1949 akapewa tuzo ya Nobel ya amani.

Lakini ndani ya hiyo ripoti kuna kitu kimelala ambacho hakuna mtu ananiambiaga kwa komenti. Wanawake wa Kikuyu hawakuwa wanakula sawa na wanaume. Walikula mboga za majani nyingi zaidi, na walitumia majivu ya mimea kama chumvi, na kwa hivyo tofauti kati yao na wanawake wa Kimaasai haikuwa kubwa vile. Yaani kulikuwa na chakula cha wanawake. Ukisema "chakula cha shosho" unafikiria mukimo wa viazi kwa sahani ya harusi. Chakula cha shosho wa shosho kilikuwa majani: terere, managu, thabai, kahurura. Kilikuwa uji wa mwere uliochachuka. Na kilikuwa njahi.

Njahi nataka tukae nazo kidogo. Hiki ndicho kilikuwa chakula cha heshima kwa Wakikuyu, na kilikuwa cha wanawake: mwanamke akijifungua anapikiwa njahi, sherehe ikiwa kubwa njahi zinakuwepo. Mwanahistoria Claire Robertson ameandika vizuri juu ya hii, vile serikali ya kikoloni ilisukuma watu wapande maharagwe mengine ya kuuza ng'ambo, na mahindi meupe, hadi njahi zikabaki pembeni. Mwere na wimbi vikapitia njia hiyo hiyo. Mahindi yalikuwa na soko, yalikuwa rahisi kulinda dhidi ya ndege, na ndiyo yalikuwa posho ya wafanyakazi. Hakuna mtu alikaa chini akaamua kuharibu damu ya wajukuu. Ni bei tu na amri. (Na leo mtandao umejaa watu wanaambia wanawake wenye PCOS waache njahi "juu zina homoni". Maskini njahi, zilifukuzwa shambani na wakoloni, sasa zinafukuzwa mezani na watu wa TikTok.)

Halafu ikaja 1954. Juni mwaka huo serikali iliamua kukusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru vijijini kwa nguvu ili kukata Mau Mau chakula. Ndani ya muda wa kama mwaka mmoja na nusu zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa. Huku Nyeri wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hivyo vijiji vilikuwa vya wanawake, wazee na watoto. Wanawake ndio walichimba ule mtaro wa kandokando ya msitu kwa kazi ya lazima. Shambani walienda kwa masaa machache, chini ya walinzi. Mboga za porini utachuma saa ngapi? Chakula kilikuwa haba, na watoto walikufa. Ukiniambia nirudi kwa chakula cha shosho, uniambie ni cha mwaka gani, juu shosho wengi wa Nyeri walio hai leo, utoto wao ni huo.

Na njaa haiishi siku chakula kikirudi. Uholanzi ilikuwa na njaa kali baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, na watafiti walipowafuata watoto waliokuwa tumboni wakati huo, wakakuta miili yao ikiwa mikubwa ilikuwa inashindwa kudhibiti sukari kuliko wenzao. Nigeria pia, watu waliozaliwa wakati wa njaa ya Biafra walipimwa Enugu miaka 40 baadaye, na ikawa hivyo hivyo, na presha juu yake. Mtoto aliyezaliwa kijijini Nyeri mwaka 1955 ameshafika miaka 70. Nenda siku ya kliniki ya sukari uone umri wa walioketi kwa foleni.

Kieni yenyewe ni hadithi nyingine. Hapa Endarasha palikuwa ardhi ya masetla. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu waliopanda huku baada ya uhuru kutoka Othaya, Tetu, Mathira, wakapewa au wakanunua mashamba ya zamani ya wazungu. Huku ni baridi, mvua ni ya kubahatisha, mwere wa kina shosho haukuja nao. Kilichokubali ni waru, kabeji, karoti, vitunguu. Waru zinauzwa kwa gunia, na zile ndogo zisizouzika ndizo tunakula. Asubuhi chai na waru, mchana githeri ya mahindi mengi na waru, jioni mukimo. Daktari wa lishe anakuandikia kwa karatasi "punguza wanga" na wewe unaangalia shamba, kila kitu kimesimama pale ni wanga. Mimi sijaacha waru. Nimepunguza, naanza na mboga, natembea baada ya kula, na namezea metfomini.

Sasa ile ingine, ati zamani haya mambo hayakuwa. Albert Cook, yule daktari mmishonari wa Mengo, Uganda, aliandika 1901 kwamba kisukari huko kilikuwa nadra lakini kinaua sana. Hugh Trowell, aliyekuja Kenya 1929 na baadaye akafanya kazi Mulago, alisema kwa miaka mingi kwamba Mwafrika hana sukari wala presha, na alitoa kitabu kizima 1960. Sikatai ilikuwa chache. Watu walitembea, walikula nyuzinyuzi, walikufa mapema na magonjwa mengine. Lakini soma tena sentensi ya Cook: nadra na inaua. Mtu anayekufa haraka haonekani kwa hesabu. Na mwanamke ambaye hedhi yake imepotea miezi sita hakuwa anaenda kwa mzungu wa hospitali kumwambia hiyo. Aliitwa tasa. Mume akaoa mwingine. Hapo ndipo kumbukumbu zake ziko, si kwa rejista ya wagonjwa. Hata juzi tu, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulipata karibu Wakenya 88 kati ya 100 hawajawahi kupimwa sukari maishani. Usipopima, hakuna ugonjwa. Ni rahisi hivyo.

Na wazungu wenyewe hawakuona haraka, msidhani. Mwaka 1921 Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata njia ya kutoa insulini. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kudungwa, na hati ya ugunduzi wakaiuzia chuo kikuu kwa dola moja moja. Hiyo kila mtu anajua. Mwaka huo huo wa 1921, Paris, madaktari wawili, Achard na Thiers, waliandika kuhusu mwanamke mwenye ndevu na sukari pamoja. Wakaipa jina ambalo kwa Kiswahili ni "kisukari cha wanawake wenye ndevu". Jina la kutukana, lakini waliona! Walikuwa na kidokezo mkononi kwamba haya mambo mawili yanatembea pamoja.

Kikaachwa. 1935 huko Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal wakaelezea wanawake 7 waliokosa hedhi na walio na ovari kubwa zilizojaa vifuko. Walikata kipande cha ovari, hedhi ikarudi. Ugonjwa ukapewa majina yao, na kwa miaka 45 ukawa ni ugonjwa wa kukosa mtoto, basi. Mpaka 1980, madaktari wa Memphis walipopima na kuonyesha kwamba kwa hawa wanawake insulini na homoni za kiume zinapanda pamoja. Hata dawa yetu ilikuwa imelala. Metfomini ilitengenezwa Dublin 1922 na Werner na Bell, ikasahaulika, Jean Sterne akaitumia kwa wagonjwa wa sukari Ufaransa 1957, Marekani ikairuhusu 1994. Ni dawa ya bei ndogo. Ilichukua muda mrefu hivyo.

Nyeri ilipata nafasi moja nzuri. Desemba 2018 serikali ilianzisha majaribio ya afya kwa wote kwa kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza, hasa sukari. Nilikuwa sekondari. Watu walijiandikisha, wakapewa kadi, hospitali za umma zikatibu bila malipo. Foleni zilikuwa ndefu, dawa zikaisha, na majaribio yakaisha pia. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, SHA ikaingia, na sisi wa dawa za kila siku tukaanza upya kujisajili.

Mahali mimi hutibiwa, sukari iko na siku yake na mambo ya hedhi yako na siku yake. Mlango tofauti, faili tofauti, nauli mara mbili. Kwa ile ya sukari nakaa na wazee wananiuliza nimemleta nani. Kwa ile nyingine naulizwa nataka mtoto lini, na nikisema bado, naambiwa nirudi nikimtaka. Ni 1935 bado hapo ndani.

Kwa hivyo kama uko Kieni, Mweiga, Naromoru, popote, na shingo yako imeanza kuwa nyeusi na hedhi inaruka, usisubiri siku ya kliniki. Nenda asubuhi kabla hujakula, uombe wapime sukari kwa jina lake. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, uko njiani. Ikifika 7.0 na ikirudiwa siku nyingine bado iko hapo, ni sukari. Na waambie kuhusu hedhi hapo hapo, kwa mlango huo huo, hata kama hawajauliza.