Mbege: Pombe ya Ulezi Iliyotiwa Ndizi

Mbege ya Wachagga huitwa pombe ya ndizi, na anayepita Marangu au Machame akaona migomba ilivyozizunguka nyumba hana sababu ya kubisha. Mimi nabisha. Hoja yangu ni kwamba mbege ni pombe ya ulezi iliyotiwa tunda, na kwamba ndizi, pamoja na wingi wake wote chunguni, ndiyo iliyokuja baadaye. Ulezi ni nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, imelimwa huku kwa maelfu ya miaka. Asili ya ndizi ni Nyugini na Asia ya kusini-mashariki. Ilivuka bahari kwanza, ndipo ikapanda milima yetu.

Tarehe za mimea peke yake hazitoshi, kwa maana watu wangeweza kuanza na ndizi hata kama ulezi ulitangulia kufika. Ushahidi mzito umo katika upishi wenyewe. Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi ya kahawia, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke; hiyo ndiyo nyangi. Kwa upande wa pili ulezi hulowekwa, huoteshwa uwe kimea, huanikwa, husagwa, kisha hupikwa uji uitwao mso, unaotiwa gome chungu la msesewe. Maji ya nyangi yaliyochujwa huchanganywa na mso huo, na kesho yake pombe iko tayari. Ndizi mbivu ina sukari yake tayari na ingelevya bila nafaka yoyote. Kwa nini basi kazi yote hii ya kuotesha na kuanika? Kimea ni ufundi wa watu waliozoea kutengeneza pombe ya nafaka, ambayo wanga wake haugeuki sukari mpaka punje iote.

Atakayepinga atasema ulezi ni wa kuongeza uzito tu. Lakini tazama magharibi ya Ziwa Victoria, kwenye rubisi ya Wahaya na urwagwa ya Rwanda: huko juisi ya ndizi hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, basi. Hizo kweli ni pombe za ndizi, na nafaka ndani yake ni kiungo. Kama Wachagga walitaka uzito tu, kukaanga na kusaga kungewatosha. Hata uchungu wa msesewe hutiwa kwenye mso, kwa maana hapo ndipo pombe yenyewe inapotengenezwa.

Mashamba pia yanashuhudia. Mifongo, mifereji iliyochimbwa kwa mikono kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilipeleka maji kwenye ulezi wakati wa kiangazi, na ulezi huo ulilimwa hasa kwa ajili ya pombe. Sehemu kubwa ya mashamba hayo sasa imekwisha, na wapishi wa mbege hununua ulezi sokoni, lakini hawajauacha.